Mikabo: Neno la Kumtazamia Bret Hart

Mtu aliye kwenye steji ya bodaboda Mosocho, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu, anaweza leo kutazama kwenye simu pambano zima la mieleka la mwaka 1991 huku akingoja abiria. Kulipata ni rahisi. Kulisimulia ndiko kunakotatiza. Atasema fulani alimnyanyua mwenzake akambwaga, au alipanda kamba akaruka. Lakini zile dakika za katikati, ambapo mmoja ameunasa mkono wa mwenzake naye mwenzake anatafuta njia ya kuutoa, atazipita kwa maneno mawili: wameshikana tu.

Wapenzi wa mieleka ya zamani huyarudia mapambano ya Bret Hart kwa ajili ya dakika hizo hizo. Kwao Mkanada huyu ni mwanamieleka "teknikali", na neno hilo wanalitamka kama sifa isiyohitaji maelezo. Kwa asiyekulia akiitazama mieleka hiyo kwenye runinga, halielezi chochote. Makala haya yanapendekeza mtindo huo uitwe mieleka ya mikabo, yaani ya namna za kumshika na kumbana mpinzani, na bingwa wake aitwe fundi wa mikabo.

Chimbuko la dhana

Mieleka ya kulipwa ina mizizi kadhaa, na mmoja uko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huko, katika karne ya 19, wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo walishindana kwa mtindo ulioruhusu kumshika mtu popote, miguu ikiwemo. Mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ambao bado uko kwenye Olimpiki, unakataza kushika chini ya kiuno. Jina la mtindo wa Lancashire lilimaanisha, kwa ufupi, shika popote uwezapo.

Katika mji wa Wigan, huko huko Lancashire, Billy Riley aliendesha ukumbi wa mazoezi uliofahamika kama Shimo la Nyoka. Mwanafunzi wake mmoja, Billy Robinson, aliyezaliwa Manchester mwaka 1938, ndiye kipimo ambacho wajuzi wengi hutumia wanaposema "teknikali". Tarehe 11 Desemba 1975, jijini Tokyo, Robinson alikutana na Antonio Inoki wa Japani kwa dakika 60. Robinson alipata pointi ya kwanza, Inoki akasawazisha muda ukiwa karibu kwisha kwa mkabo ambao mashabiki wa Magharibi huuita pweza, kwa jinsi viungo vyake vilivyomzunguka mpinzani. Wakatoka sare. Ukiondoa mikabo na namna ya kujinasua humo, pambano hilo halibaki na kitu.

Wafaransa walilichukua jina la mtindo wa Lancashire wakalifupisha kuwa "catch", na kwa njia ya Kifaransa likafika Kongo. Hadi leo mieleka ya Kinshasa inaitwa hivyo. Lakini sehemu kubwa ya umaarufu wa catch ya huko inatokana na uganga: mpiganaji anaonyesha hirizi, mpinzani anaanguka kabla hajaguswa. Jina lililobeba maana ya kushika limeishia kwenye ulingo ambako mara nyingi hakuna aliyeshikwa. Uzoefu huo unamwonya mwundaji wa istilahi: jina linaweza kusafiri likaiacha maana yake njiani.

Basi dhana yenyewe ni hii. Pambano la "teknikali" hujengwa kwa kushika, kujinasua na kushika tena. Mpiganaji huchagua kiungo kimoja, mguu au mgongo, akakishughulikia tangu mwanzo ili mwisho uwe na sababu. Kwamba matokeo hupangwa si siri tena kwa yeyote. Hata hivyo goti linalokunjwa ni goti la kweli, na kosa la nusu hatua linaweza kumvunja mtu. Ustadi uko katika kumfanya mtazamaji aamini maumivu huku mwenzako akirudi nyumbani mzima.

Tafsiri zilizopo

Tafsiri ya haraka ni "mwanamieleka wa kiufundi". Ina sarufi sahihi, ila neno hilo tayari lina kazi nyingine. Katika soka, benchi la ufundi ni makocha walioketi kando ya uwanja. Katika ndondi, knockout ya kiufundi ni refa kusimamisha pigano kwa sababu mmoja hawezi kuendelea. Katika elimu, chuo cha kiufundi ni mahali pa kujifunzia uashi na umeme. Msomaji wa Kisii akikutana na "mwanamieleka wa kiufundi", atapitia malango hayo yote kabla ya kufika ulingoni, na huenda asifike.

Tafsiri ya pili ni "stadi". Hiyo ni pongezi tu. Anayeruka kutoka juu ya kamba ni stadi, na jitu la kilo 200 linalojua kuanguka bila kuumiza mtu ni stadi pia. Istilahi inayomfaa kila mtu haimtambulishi yeyote.

Njia ya tatu ni kuliacha "teknikali" kama lilivyo. Kukopa hakuna aibu, lakini mkopo huu una utata wake. Huko Meksiko, neno la asili hiyo hiyo humtaja mpiganaji mwema anayeheshimu kanuni, dhidi ya yule mkorofi. Bret Hart alikuwa mwema kwa miaka mingi, kisha mwaka 1997 akageuka mkorofi mbele ya watazamaji wa Marekani, na mikabo yake haikubadilika hata kidogo. Neno tunalolitaka ni la kazi ya mikono, lisichanganywe na tabia.

Inabaki "mieleka" yenyewe. Kumpiga mtu mweleka ni kumwangusha chini. Neno hili huhesabu maanguko, na ya kabla ya kuanguka haliyasemi. Nadhani ndiyo sababu msimulizi wetu anaishia kwenye "wameshikana tu": lugha imempa neno la tunda bila kumpa la tawi.

Kwa nini mkabo

Kitenzi kaba kina maana ya kubana kwa nguvu, hasa kooni. Watangazaji wa soka walikwishakiondoa kooni zamani, maana beki humkaba mshambuliaji bila kumgusa shingo. Kuunda nomino ni rahisi: kata huzaa mkato, piga huzaa mpigo, kaba huzaa mkabo. Wingi wake ni mikabo, ngeli ya U-I, na hakuna mwanafunzi wa Mosocho atakayehitaji kufundishwa upatanisho wake. Kutoka hapo tunapata kukabana, mkabaji, na mkabo wa kumalizia, yaani ule ambao kila bingwa huhifadhi kwa ajili ya mwisho.

Kuna atakayepinga kwamba kaba inanuka ujambazi. Ni kweli, na hiyo ni faida. Mitaa yetu imekwisha kuyagawa mambo haya kwa umakini kuliko kamusi. Anayekuvamia kwa nyuma na kukubana koo kwa mkono amekupiga ngeta, au kabari. Anayekufagia mguu ukaanguka amekupiga mtama, au ngwala. Watu wanaotofautisha hayo bila kufikiri hawahitaji kuazima msamiati wa ulingoni. Wanahitaji tu kuambiwa kwamba msamiati walio nao unafaa. Ngeta na kabari ziingie chini ya mkabo kama aina zake. Mtama na ngwala zibaki upande wa mieleka, kwa kuwa kazi ya hizo ni kuangusha.

Neno likijaribiwa ulingoni

Bret Hart alizaliwa Calgary mwaka 1957. Baba yake, Stu Hart, aliwafundisha vijana mikabo katika chumba cha chini ya nyumba yao, na sifa ya chumba hicho ilikuwa mayowe yaliyotoka humo. Mkabo wa kumalizia wa Bret ulitangulia kutumiwa na Riki Choshu wa Japani, na jina lake la Kijapani linamtaja nge. Tuuite basi mkabo wa nge. Mpinzani yuko chali. Unapitisha mguu wako katikati ya miguu yake, unaikunja miguu hiyo ikapishana juu ya muundi wako, unaishika, kisha unamvuka na kumgeuza kifudifudi. Ukichuchumaa na kuegemea nyuma, miguu yake inapanda kuelekea mgongoni kama mkia wa nge, na miguu na kiuno vinabeba mzigo wote.

Litazame sasa pambano lake katika onyesho la SummerSlam la 1991, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, dhidi ya Curt Hennig aliyejiita Mr. Perfect. Karibu na mwisho Bret yuko chali, amechoka, na Hennig anamwangushia mguu wake chini ya tumbo. Anaporudia, Bret anaudaka mguu akiwa bado amelala, anaifunga miguu ya mwenzake, anainuka na kumgeuza. Anayetazama maanguko ataona bahati. Anayetazama mikabo ataona mtu aliyefika kwenye mkabo wa nge kupitia mlango ambao hakuna aliyeutazamia.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti, uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu waliotangazwa kuwa 80,355, alipambana na shemeji yake, Davey Boy Smith. Katika kitabu cha maisha yake, Bret ameeleza kwamba mwenzake alisahau mpangilio mapema, ikambidi amwongoze hatua kwa hatua hadi mwisho. Ukilitazama ukijua hilo, kila mkabo unakuwa na kazi ya pili: wakati mmoja amembana mwenzake, ndipo midomo inapokaribiana na masikio, maelekezo yakapita. Smith alishinda kwa kuinasa miguu ya Bret na kumbandika mabega chini, na uwanja ukalipuka. Aliyeshindwa ndiye aliyelibeba pambano.

Mwezi Machi 1994, katika onyesho la WrestleMania ya kumi, alishindwa na mdogo wake Owen. Hapo somo ni kujinasua: kila mkabo wa mmoja unajibiwa na mwingine kwa sababu wote walifundishwa katika chumba kimoja, na pambano linaamuliwa Owen anapougeuza mtego wa kaka yake ukamnasa mwenyewe.

Kisha lipo la Machi 1997, karibu na Chicago, dhidi ya Steve Austin. Austin, uso umelowa damu, anabanwa katika mkabo wa nge, anakataa kusalimu amri, hatimaye anazimia. Refa Ken Shamrock anampa Bret ushindi, lakini watazamaji wanamshangilia aliyeshindwa. Mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, kule Kisii, huanza na shoka na kumaliza kwa msasa, na hakuna anayeshika msasa kwanza. Bret naye alianzia kwenye miguu ya Austin mapema, ili mkabo wa mwisho uwe na kiungo kilichokwisha kuchongwa.

Novemba mwaka huo, mjini Montreal, istilahi nyingine, kusalimu amri, iligeuka kashfa. Shawn Michaels alimbana Bret kwa mkabo wa nge, mkabo wake mwenyewe, na mwenye kampuni iliyoandaa mapambano hayo, Vince McMahon, akaamuru kengele ipigwe kinyume cha makubaliano. Bret hakuwa amesalimu amri. Asiyejua kwamba mkabo hushinda pale tu aliyekabwa anapokubali, au refa anapoona amezimia, hawezi kuelewa kwa nini mashabiki wanalizungumza tukio hilo hadi leo.

Mwongozo wa matumizi

Tutumie mkabo kwa kila namna ya kumshika mpinzani ili kumdhibiti au kumuumiza. Tutumie kujinasua kwa kutoka kwenye mkabo, na kugeuza mkabo kwa kutoka huku ukimbana aliyekubana. Kusalimu amri ni kukubali kushindwa ukiwa umekabwa. Kubandika mabega ni kumlaza mtu mabega yote mawili chini hadi refa ahesabu tatu. Mieleka ya mikabo ni mtindo unaotegemea hayo, na fundi wa mikabo ni anayeyajua.

"Fundi" limechaguliwa kwa makusudi. Pale "-a kiufundi" linapotupeleka chuoni na kwenye benchi la makocha, "fundi" peke yake bado linamtaja mtu aliyeshika chombo mkononi. Likifuatwa na "wa mikabo", utata unakwisha.

Istilahi hizi zitafaa pia nje ya mapambano ya zamani. Huko Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wamepata umaarufu kwa kupigana juu ya udongo laini, ulingo umezungushiwa miti. Mtangazaji wa Kiswahili atakayewasimulia atahitaji zaidi ya "amembwaga". Watangazaji wa redio na runinga, na walimu wanaotafuta mfano wa uundaji wa nomino kutokana na vitenzi, walichukue neno hili walijaribu. Nawe msomaji, chagua pambano moja la Bret Hart, lisimulie kwa Kiswahili bila kuchopeka neno la Kiingereza. Ukikwama kwenye mkabo ambao hauna jina, uunde jina kwa kutazama umbo lake, kama Wajapani walivyomtazama nge.