Utandawazi ulifika Kariakoo lini?

Wapendwa, nimepotea, najua. Wiki tatu bila kuandika hata mstari. Kulikuwa na majaribio, zikaja asaimenti mbili za semina, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki historia. Leo nimeshiba (wali maharage, msinionee wivu), basi ngoja niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nirudi kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kwenye shule niliyopangiwa, hapa hapa Dar, siku moja mwalimu wa Uraia hakuwepo, nikaambiwa nishike kidato cha nne. Mada: utandawazi. Mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, lakini nani anakuuliza? Nikachukua notsi zake, nikajaza ubao kwa Kiingereza: maana, faida, hasara. Nikaandika pia kwamba utandawazi ulikuja miaka ya 1990, baada ya Vita Baridi, pamoja na intaneti. Watoto wakanakili. Kengele ikalia. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanifuata mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, mama anauza vitenge Kariakoo, na sasa Wachina wenyewe wamefungua duka la vitenge mtaa uleule. Mama yuko upande wa faida au wa hasara?"

Nikamjibu, "Swali zuri, tutalirudia."

Mliosomea ualimu mnajua maana ya "tutalirudia". Sikulirudia. Wiki zikaisha, nikabeba begi langu nikaondoka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo. Sare zangu, madaftari na nauli za miaka yote ya sekondari vilitoka kwenye vitenge. Mtoto aliniuliza habari za nyumbani kwetu, mimi nikamjibu kama mgeni.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda kumwona shangazi, na njiani nikawa naangalia mji kama mtu anayesoma kitabu alichokuwa akikipita tu kila siku. Kutoka hosteli ya Mabibo nilitembea hadi kituo cha mwendokasi kinachoitwa Urafiki. Wengi wetu tunashuka na kupanda pale bila kujiuliza urafiki wa nani na nani. Ni wa Tanzania na China. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa Wachina na Mwalimu Nyerere akakizindua mwaka 1968, miaka miwili kabla ya ujenzi wa reli ya TAZARA kuanza. Pamba ilimwe kwetu, isokotwe kwetu, ifumwe kwetu, khanga na kitenge vitoke hapo Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo Mchina na kitenge cha Dar hawakukutana juzi. Walikutana kabla hata shangazi hajazaliwa, ila safari ile Mchina alileta mashine.

Mwisho wa kiwanda kile kuwa cha umma peke yake ulifika katikati ya miaka ya 1990, kikageuzwa kuwa kampuni ya ubia: Wachina asilimia 51, serikali yetu 49. Na mbele kidogo kwa upande wa Ubungo, pale ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani kabla haijahamia Mbezi mwaka 2021, sasa kuna kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa mwaka 2025. Simama kituoni Urafiki ugeuze shingo tu: huku kiwanda cha 1968 cha kutengeneza, kule maduka ya 2025 ya kuuza. Nilikosa mabasi mawili nikiangalia. (Sawa, moja lilikuwa limejaa.)

Lakini hata 1968 si mwanzo. Turudi nyuma, na tufuate kitambaa.

Katika karne ya 19, kitambaa kilichotamba Zanzibar na pwani yote hii kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani. Pamba ilivunwa na watumwa kwenye majimbo ya kusini, ikafumwa Massachusetts, wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaileta kwa meli. Hapa ikabebwa vichwani na wapagazi kwenda bara, mzigo wa kama kilo 30 kwa mtu, mwendo wa miezi, ikabadilishwa na pembe za ndovu. Pembe zikashuka pwani vichwani vilevile na nyingi zikaishia Connecticut zikitengenezwa vipande vya kubonyeza vya piano. Yaani kuna binti huko Marekani alijifunza piano kwa tembo wa Tabora, na kuna mzee wa Tabora alivaa jasho la mtumwa wa Alabama, na hawakuwahi kusikiana. Mimi nimewaandikia watoto wa watu kwamba utandawazi uliletwa na intaneti.

Na Dar yenyewe? Ilizaliwa kutokana na biashara hiyohiyo. Palikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar, wa ukoo wa Kiomani wa Al Busaidi, akataka bandari yake bara ili misafara ishukie mikononi mwake. Akaanza kujenga. Alipofariki mwaka 1870 mdogo wake Barghash hakuwa na hamu nayo, mji ukalala. Wajerumani wakauamsha, wakaufanya makao makuu ya koloni mwaka 1891 badala ya Bagamoyo, wakaanza reli mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Angalia ramani: reli ile inafuata kwa karibu njia ya wapagazi. Mji wetu haukukua halafu dunia ikaja kuutembelea. Uliwekwa hapa ili vitu vya dunia vipite.

Kidogo niwachekeshe. Oktoba 2023 serikali ilisaini mkataba wa miaka 30 na DP World ya Dubai kuendesha sehemu ya bandari. Mnakumbuka mwaka ule tulivyobishana, hadi watu wa chumba kimoja hawasalimiani. Kila mtu alisema ni jambo jipya kabisa. Majid angeshangaa.

Sasa jina la Kariakoo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, Waingereza walikusanya wapagazi wa kubebea jeshi lao, kikosi kwa Kiingereza kikiitwa Carrier Corps. Waliiteka Dar mwaka 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi eneo hili. Ulimi wa Kiswahili ukafanya kazi yake: Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, mambo yaleyale. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko risasi, katika ugomvi wa wafalme wa Ulaya ambao hawakuujua. Pale posta tuna Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, askari ameinamisha bunduki yenye singe. Mpagazi hakupata sanamu. Alitajwa kwenye maandishi ya chini, na akaachiwa soko.

Hili ndilo nililokuwa nikilifikiria nilipokuwa napenya Mtaa wa Kongo huku kijana mwenye belo la nguo kichwani ananipigia kelele, "Mzigo! Mzigo huo!" Nikajibana ukutani apite. Miaka zaidi ya 100 na bado usafiri wa hatua mia za mwisho ni shingo ya mtu. Kontena linatoka Guangzhou kwa meli kubwa kama mtaa, linateremshwa kwa mashine, linaletwa kwa lori, halafu kutoka lori hadi dukani, mpagazi.

Waingereza waliugawa mji: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati kwenye maduka, na Uswahilini huku Kariakoo, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka. Huku zilijengwa zile nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ua nyuma ambako wanawake walipika na kuuza. Mwenye nyumba alipangisha vyumba, wapangaji wakatoka kila kabila, na Kiswahili cha mji kikapikwa kwenye ua huo. Mwaka 1967 sensa ilihesabu watu 272,821 katika mji mzima. Mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Nyumba hizo sasa unazitafuta kwa tochi. Soko lenyewe, lile lenye mapaa ya zege kama miavuli iliyogeuzwa, alilibuni Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea usanifu Haifa, Israel, na lilifunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 likaungua.

Kilichozimaliza nyumba za ua ni ruksa. Mwisho wa miaka ya 1970 fedha za kigeni ziliisha, maduka yakawa na rafu tupu, watu wakapanga foleni ya sabuni. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za nje aingize bidhaa, Mzee Ruksa akaingia madarakani 1985, mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mitumba ikamiminika, Dubai ikawa karibu kuliko Dodoma, na viwanda vya nguo vikaanza kuzima taa kimoja baada ya kingine. Kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita kikawa na thamani ya ghorofa, na ghorofa likawa na thamani hata chini ya ardhi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa Kariakoo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Siku ile nilimpigia shangazi mara kumi na moja hajapokea. Simu ilikuwa imezimika chaji tu. Sitaki kuiandika zaidi siku hiyo.

Nimemkuta kwenye fremu yake, ambayo wanagawana wanawake wanne. Shikamoo, marahaba, umekonda, chai imeagizwa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya masomo. Akacheka. Alianza na meza Mtaa wa Kongo, anachukua mzigo kwa bei ya jumla Mtaa wa Uhuru na kuuza rejareja. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, meza ikaenda. Ndipo wenzake wakachangishana kilemba cha fremu, mmoja wao akapanda ndege kwenda Guangzhou, wakashea kontena na watu wengine. Wateja wake wakubwa siku hizi si watu wa Dar, ni akina mama wa Lubumbashi na Zambia wanaokuja na mabasi.

"Zamani siri yangu ilikuwa kujua kitenge kinatoka wapi," akaniambia. "Sasa yule wa Lubumbashi naye anazo picha za kiwandani kwenye simu. Ananionyesha mimi bei!"

Nikamuuliza habari za Wachina wa mtaa wa pili. Nilitegemea matusi. Juni 2024 maduka Kariakoo yalifungwa kwa mgomo, kodi na ushindani wa wageni vikiwa kwenye malalamiko, na Julai 2025 serikali ikapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, za jumla na rejareja zikiwemo. Shangazi akavuta pumzi. Akasema amri imemsaidia kiasi, lakini baadhi ya maduka yamebadili jina mlangoni tu, mwenye mali ni yuleyule. Halafu akaongeza, "Na sisi tuliokwenda kwao Guangzhou kununua, tulikuwa nani kule? Si wageni?"

Hapo nikaweka kalamu chini. Shangazi anakula kwa sababu yuko katikati, kama mji wenyewe ulivyo katikati, kati ya meli na bara. Kontena lililomtoa kwenye meza likampa fremu ndilo lilelile ambalo mwenye nalo amegundua anaweza kuja nalo mwenyewe. Huwezi kumchorea mstari, faida kushoto, hasara kulia. Wale Waislamu, Wahindi na Wamarekani wa enzi za merikani nao walikuwa wakipigania hapohapo, pa kukaa katikati, na aliyebeba hakuwahi kuulizwa.

Wakati wa kuondoka akanikunjia kitenge cha zambarau nimpelekee mama. Pembeni kabisa ya kitambaa kuna maandishi madogo, nikasoma kwa sauti: kimeandikwa kwamba ni cha Uholanzi. Ni cha China, shangazi anacheka mpaka anafuta machozi. Waholanzi nao walianza kwa kuiga batiki za Java, ndiyo nikamwambia, akasema hayo ndiyo mnayosomea huko?

Sijampelekea mama bado. Kidato cha nne wanaanza mtihani Novemba, na jina la yule binti sikumbuki, ila dawati nalikumbuka. Jumatatu sina kipindi hadi saa nane. Nitakwenda na hicho kitenge, nimwonyeshe ule upindo wenye maandishi kwanza, ndipo tuanze.