Jeep ya esanse ao ya mazuti? Mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa

Mtu anayetafuta jeep ya okazio mjini Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo mara nyingi anaanza na rangi, mwaka na bei. Swali la motere linakuja nyuma, na wakati mwingine linakuja kisha pesa kutoka. Hasara inaanzia hapo. Gari iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi inaweza kulala ku garaji miezi mitatu, sababu motere yake haikufaa barabara ya mahali, mafuta ya mahali ao fundi wa mahali.

Wengi wanasema mazuti ndiyo ya wanaume, esanse ni ya mjini. Wengine wanasema esanse inamaliza pesa. Maneno yote mawili yako na ukweli nusu. Motere nzuri ni ile inayolingana na kilometa ambazo gari itatembea, mzigo itakaobeba, na usafi wa mafuta yanayopatikana karibu.

Tofauti iko wapi

Motere ya esanse inachanganya hewa na mafuta, kisha buji inatoa cheche na kuwasha. Motere ya mazuti haina buji ya kuwasha. Inafinya hewa peke yake mpaka inakuwa moto sana, halafu enjekteri inarusha mazuti ndani na yanawaka yenyewe. Hewa inafinywa mara 16 mpaka 22, wakati ku esanse ni karibu mara 10. Ndiyo maana motere ya mazuti inatengenezwa kwa chuma kizito, inapiga kelele zaidi, na bei yake ni ya juu.

Faida yake ni nguvu ya kuvuta hata kama motere inazunguka polepole. Gari ikiwa na mzigo kwenye matope ao kwenye mpando, dereva hana haja ya kukanyaga sana. Tena, lita moja ya mazuti iko na nguvu kupita lita moja ya esanse, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa jeep mbili za ukubwa mmoja, ile ya mazuti inakula kidogo.

Esanse nayo iko na faida zake: motere ni nyepesi, inawaka haraka asubuhi ya baridi, haitetemeshi gari, na vipande vyake vingi havina bei ya kutisha. Jeep ndogo kama Toyota RAV4 ambazo zinaonekana sana mjini nyingi ni za esanse.

Hesabu ya kilometa

Tuseme jeep ya esanse inakula lita 14 kwa kilometa 100, na ya mazuti inakula lita 10. Tofauti ni lita 4. Tuweke lita moja dola 1 na nusu kwa mafuta yote mawili, ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme tena ile ya mazuti inauzwa dola 3,000 zaidi.

Mwalimu anayetembea mjini kilometa 6,000 kwa mwaka ataokoa lita 240, maana yake dola 360. Atahitaji zaidi ya miaka 8 ili kurudisha zile dola 3,000. Mfanyabiashara anayefanya kilometa 30,000 kwa mwaka ataokoa lita 1,200, maana yake dola 1,800. Yeye atazirudisha kwa karibu mwaka mmoja na miezi 8.

Bei za mafuta zinabadilika kila mara, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki. Kila mnunuzi anaweza kuandika kilometa zake na bei ya leo ya mtaa wake. Asisahau kuongeza pesa ya matengenezo. Pompi ya mazuti ao enjekteri nne zikiharibika, faida ya mwaka mzima inaweza kuisha siku moja.

Mazuti ya zamani na mazuti ya kisasa

Kosa kubwa ni kufikiri kwamba motere zote za mazuti ni sawa. Kuna vizazi mbalimbali.

Kwanza kuna motere kama 1HZ ya Toyota Land Cruiser: lita 4.2, silinda 6, bila turbo, na pompi inayofanya kazi bila kompyuta. Haina mbio na inakula mafuta ya kutosha. Lakini inavumilia mafuta mabaya kidogo, na mafundi wengi wa vijijini wanaijua.

Pili kuna 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye turbo, iliyowekwa ndani ya Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Inavuta vizuri, lakini iko na ugonjwa unaojulikana: ikipata joto kupita kiasi, kilasi, kile kichwa cha juu cha motere, kinapasuka.

Tatu kuna 1KD-FTV, iliyoanza mwaka wa 2000, ambayo iko ndani ya Prado nyingi zilizofuata. Hii inatumia komon reli: mazuti yanasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,000, na kompyuta ndiyo inaamuru enjekteri. Ina nguvu na haili sana. Lakini tundu za enjekteri ni ndogo sana. Vumbi kidogo ao tone la maji linatosha kuleta shida, na fundi anahitaji mashine ya kupima.

Jeep za mazuti za miaka ya karibuni, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, zinaongeza jambo lingine: filtri ya masizi ku bomba la moshi. Filtri hiyo inajisafisha kama gari inatembea mwendo mrefu wa kasi. Ku barabara mbovu, ambako gari inatambaa kilometa 20 kwa saa, inaziba.

Mafuta yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya mafuta ya mashariki mwa Congo inashuka ku bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha inapanda na malori. Tangu 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha mazuti yenye salfa kidogo, isiyopita 50 ppm. Kwa motere za kisasa hiyo ni habari njema.

Shida inaanza njiani. Mafuta yakitoka ku depo yanaingia ndani ya fûts, bidoni na chupa, mpaka kufikia wauzaji wa kando ya barabara wanaoitwa kadhafi. Maji ya mvua yanaingia, vumbi linaingia, na wengine wanachanganya esanse na petroli ya taa. Esanse ya namna hiyo inafanya motere igonge na kupoteza nguvu. Mazuti yenye maji yanaleta kutu ndani ya pompi na enjekteri. Kwa 1HZ inaweza kuwa filtri ya kubadilisha. Kwa komon reli inaweza kuwa enjekteri zote.

Anayenunua jeep ya mazuti ya kisasa na anakaa mbali na stesheni ya mafuta anayoamini, anaweka pesa yake hatarini. Chini ya filtri ya mazuti, ku gari nyingi, kuna kizibo cha kutoa maji. Kukifungua mara kwa mara hakuombi pesa.

Na kama mtu amekosea, ametia esanse ndani ya jeep ya mazuti, asiwashe motere. Mazuti ndiyo yanalainisha pompi, esanse inaikausha. Tangi imwagwe kwanza.

Milima nayo inahesabika

Goma na Bukavu ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila metre 1,000, iwe ya esanse ao ya mazuti. Dereva anayetoka Uvira, kwenye karibu metre 800, na kupanda Ngomo kuelekea Bukavu anajua hisia hiyo: mguu uko chini, gari haiendi. Turbo inapunguza shida hiyo, sababu inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa hiyo jeep ndogo ya esanse ya lita 2.0, ikibeba watu na mizigo kila siku kwenye mipando, itachoka mapema.

Kabla ya kutoa pesa

Gari iangaliwe asubuhi, motere ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla ya mteja kufika pengine anaficha kitu.

Moshi mweusi mwingi unaonyesha filtri ya hewa chafu ao enjekteri zilizochoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata kisha motere kupata joto unaweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kizibo cha radiateri kifunguliwe motere ikiwa baridi tu, kisha iwashwe. Mapovu yasiyoisha ni dalili ya kilasi ao joenti yake. Chini ya kizibo cha oili, utando mweupe kama maziwa mazito unaweza kuonyesha kwamba maji na oili vimekutana.

Mnunuzi aulize pia kuhusu mkanda wa distribisyo. Motere tatu za mazuti zilizotajwa hapa ziko nao, na kwa kawaida unabadilishwa kati ya kilometa 100,000 na 150,000. Ukikatika, motere inaweza kufa hapo hapo.

Nani achague nini

Anayetembea mjini, kilometa chache, bila mzigo, esanse inamtosha. Anayesafiri mbali kila juma na anapata mazuti safi, jeep ya mazuti yenye turbo itamlipa. Anayefanya kazi ndani ya vijiji, mbali na mashine za kupimia, motere ya mazuti ya zamani isiyo na kompyuta ndiyo salama zaidi.

Kwa wote, jambo moja linatangulia bei: kwenda kumuona fundi kabla ya kumuona muuzaji, na kumuuliza ni motere gani anaweza kuifungua na kuirudisha, na vipande vyake vinapatikana wapi. Kama fundi wa karibu hajawahi kuifungua, gari hiyo bado haijafaa kununuliwa.