Singe na Istilahi Zake

Singe ni silaha ya ncha inayochomekwa penye mdomo wa bunduki. Makala haya yanahusu singe za karne ya 19, ambazo siku hizi hukusanywa kuwa kumbukumbu, na majina yanayozistahili.

Tumeanzia Nyamigogo, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa kuwa majeshi mawili yalipita huko na silaha hizo. Wajerumani walijenga boma Biharamulo, na mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji likauteka mji huo.

Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871. Singe ya mwaka huo ina mpini wa shaba ya manjano, na kengee yake, yaani bapa lenye makali, hukaribia sentimita 47. Ile iliyofuata, ya mwaka 1884, ina mpini wa vibao viwili vya mti na kengee ya sentimita 25 hivi. Ya kwanza ni upanga. Ya pili ni kisu.

Tofauti hiyo si ndogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa mabaki ya kale. Singe zote mbili zilitengenezwa baada ya hapo. Kwa hiyo umri peke yake hauzikingi. Kinachobaki kuzitetea ni maelezo sahihi. Katika nchi ya Warongo, wahunzi mashuhuri, chuma chema hakitupwi: singe iliyoandikwa "kisu cha zamani" yaweza kuishia jikoni, na historia yake ikaishia humo.

Hatuoni haja ya kukopa neno "bayoneti." Singe tunalo tayari, nalo lina asili ya Kihindi. Tunapendekeza singe upanga kwa ile ndefu, singe kisu kwa ile fupi, na singe mwiba kwa ile ya pembe tatu isiyo na makali ya kukatia. Ala ibaki ala, na mpini ubaki mpini.

Tunawaomba wasomaji wenye majina mengine, hasa ya Kihangaza na Kisubi, watuletee kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.