Kilimohai: Kiwango cha Mazao ya Kilimo Hai katika Uwanda wa Kati

Kilimohai ni alama ya Afrika Mashariki inayowekwa kwenye mazao yaliyolimwa na kusindikwa bila mbolea wala viuatilifu vya kemikali za viwandani, na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Msingi wake ni kiwango EAS 456:2007 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Dar es Salaam Mei 2007 na Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Edward Lowassa. Awali Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na viwango mbalimbali, vingine vya vyama binafsi. Viliunganishwa kwa kufuata mwongozo wa 1999 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, na kanuni za shirikisho la kimataifa la IFOAM. Kiwango ni cha hiari. Nchini Tanzania kinasimamiwa kwa karibu na TOAM, muungano wa wadau wa kilimo hai ulioanzishwa 2005, pamoja na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, mikoa ya Dodoma na Singida hupata msimu mmoja wa mvua, na wakulima wengi wa mtama, uwele, alizeti na ufuta hutegemea samadi, au hawatii chochote shambani. Ni rahisi kudhani kwamba mkulima wa namna hiyo tayari analima kilimo hai. Sivyo. Kiwango kinadai udongo urutubishwe, kumbukumbu za shamba ziandikwe, na pawe na kinga dhidi ya dawa zinazopeperushwa kutoka kwa jirani. Mavuno yakishatoka shambani, mtihani unaendelea: alizeti safi hupoteza hadhi ya kilimo hai kwa kutiwa kwenye gunia lililobeba mbolea ya chumvichumvi, kuchanganywa na dawa ya ghala, au kukamuliwa kwenye mashine ambayo haijasafishwa baada ya mzigo wa kawaida. Hapo ndipo jasho la msimu mzima hupotea, na hapo ndipo maofisa ugani wanahitajika zaidi.

Zabibu za Dodoma zina somo lao. Ugonjwa wa ubwiri unga huzishambulia, na Codex inaruhusu salfa kuudhibiti. Kwa hiyo kilimo hai si kilimo kisicho na bomba la kunyunyizia. Ni kilimo chenye orodha ya vinavyoruhusiwa.

Suala la vinasaba nalo lina historia hapa. Makutupora, nje kidogo ya jiji la Dodoma, ndipo mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame yalipopandwa kwa majaribio Oktoba 2016. Serikali ilisitisha majaribio ya aina hiyo Januari 2021.

Uthibitisho hufuata njia mbili. Katika uhakiki shirikishi, wakulima hukaguana wenyewe kwa wenyewe. Gharama ni ndogo, na njia hii yafaa soko la ndani. Soko la Ulaya hudai mkaguzi huru. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka kikundi cha wakulima kisajiliwe kisheria na kisizidi wanachama 2,000. Inataka pia shamba la mazao ya msimu lipitie miaka miwili ya mpito, na la mazao ya kudumu, kama mizabibu, mitatu. Wakati wa mpito mkulima hulima kwa masharti yote lakini huuza kwa bei ya kawaida, mzigo mzito kwa kaya inayotegemea mvua moja.

Kwa upande wa sera, Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023–2030 ulizinduliwa Dodoma Novemba 2023.