Kamari na sarafu za kidijitali: Mshawishi wa mtandaoni ana wajibu gani kwa anayepoteza?

Kila mwaka, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi husitishwa katika sehemu kubwa ya maji ya Zambia, Ziwa Mweru likiwa miongoni mwake, ili samaki wapate kuzaliana. Wilayani Nchelenge, mkoani Luapula, ambako riziki ya wengi hutoka ziwani, hiyo ni miezi mitatu ya kujibana.

Ahadi ya fedha za haraka hupata wasikilizaji kwa wepesi katika kipindi kama hicho. Nyavu zimekunjwa, akiba imo kwenye simu, na kwenye kioo cha simu hiyo hiyo huenda akatokea mtu mashuhuri akionyesha gari jipya analodai kulipata kwa kubeti au kwa kununua sarafu ya kidijitali. Video iliyorekodiwa Lusaka au Nairobi hufika soko la samaki la Kashikishi kwa sekunde chache.

Je, anayetangaza ana wajibu gani kwa anayepoteza?

Mshawishi hulipwaje?

Malipo huwa ya namna mbili kuu. Ya kwanza ni ada ya kuchapisha tangazo. Ya pili ni kamisheni: mshawishi hupewa namba maalumu, na kila anayejisajili kwa namba hiyo huhesabiwa kuwa mteja aliyeletwa naye. Katika baadhi ya mikataba ya kamari, kamisheni hukatwa kutoka katika fedha ambazo wateja hao wamepoteza.

Mpango huo wa pili ndio unaoibua swali zito la maadili. Shabiki anapoliwa, anayemwita rafiki hupata. Anaposhinda, mshawishi hupungukiwa.

Kwa sarafu za kidijitali, mbinu hutofautiana. Mshawishi anaweza kupewa sarafu mpya kabla ya umma, akaisifu, bei ikapanda kwa sababu wafuasi wake wananunua, kisha yeye akauza. Wanaochelewa hubaki na sarafu isiyo na mnunuzi.

Hesabu isiyoonyeshwa

Mchezo wa Aviator, ambao mchezaji hutakiwa kutoa fedha zake kabla ya ndege kutoweka, hutangazwa na watengenezaji wake kuwa hurejesha wastani wa asilimia 97 ya dau. Kiwango hicho huonekana cha ukarimu. Lakini anayeanza na kwacha 100 na kuzungusha fedha zote zilizobaki mara 20, kwa wastani wa kihesabu hubakiwa na takriban kwacha 54. Wachache hushinda, na hao ndio huonyeshwa kwenye video.

Sheria zinasemaje?

Oktoba 2018, Benki Kuu ya Zambia ilitahadharisha kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini humo na kwamba anayezitumia hubeba hatari mwenyewe. Februari 2023, Waziri wa Teknolojia na Sayansi, Felix Mutati, alieleza kuwa nchi hiyo inafanyia majaribio teknolojia ya kuzisimamia.

Nchini Kenya, Bodi ya Udhibiti wa Kamari ilisitisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Mwezi uliofuata ilitoa masharti yanayokataza watu mashuhuri na washawishi kuipigia debe kamari. Bodi hiyo ilikuwa imetangaza katazo kama hilo kwa watu mashuhuri mwaka 2019.

Nchini Marekani, Oktoba 2022, Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 baada ya mamlaka ya masoko ya mitaji kusema kuwa hakuweka wazi kwamba alilipwa dola 250,000 kutangaza sarafu ya EthereumMax. Uingereza, tangu Oktoba 8, 2023, inataka matangazo ya sarafu hizo yawe na onyo bayana, na mnunuzi mpya apewe saa 24 za kutafakari.

Mpaka unaopita ziwani

Ng'ambo ya Nchelenge uko mji wa Kilwa, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Ziwa ni moja, lakini sheria ni mbili. Mshawishi aliyeko nchi ya tatu, anayetangaza kampuni iliyosajiliwa nchi ya nne, si rahisi kufikiwa na mamlaka ya upande wowote wa ziwa. Sheria inapokosa mkono mrefu, dhamira ya mtangazaji hubaki kuwa kinga ya kwanza ya mlaji.

Maswali ya kujiuliza

Kutaja kwamba tangazo limelipiwa ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Anayetangaza anapaswa pia kueleza kama kipato chake kinatokana na hasara ya wafuasi, kuhakikisha kwamba watoto si sehemu ya hadhira yake, na kuonyesha mikeka iliyochanika sambamba na iliyoshinda.

Kwa mtazamaji, yapo maswali matatu: mtu huyu analipwa na nani? Kampuni hii ina leseni katika nchi yangu? Na fedha hizi zikipotea leo, je, nitaweza kununua nyavu uvuvi utakapofunguliwa mwezi Machi?