Nanga na Amari

Usiku wa tarehe 10 Aprili 1498, merikebu tatu za Wareno zilikuwa zimetia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Mchana wake zilijaribu kuingia ndani. Merikebu ya Vasco da Gama ikakataa kugeuka, ikaigonga iliyokuwa nyuma yake, na nanga zikatupwa tena kwa haraka. Ilipofika kati ya usiku, vyombo viwili vidogo vilikaribia kimya kimya, na watu wakajitosa majini. Walinzi wa Berrio, iliyokuwa ndogo kuliko zote tatu, walidhani wanaona jodari wakicheza. Kumbe ni waogeleaji, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuanza kuikata amari.

Kisa hiki kimehifadhiwa katika kumbukumbu za safari zilizoandikwa na mmoja wa Wareno wenyewe. Sababu ya shambulio, yaani kulipiza yale yaliyotendwa Msumbiji, walidai kuipata kwa mateka waliodondoshewa mafuta ya moto mwilini, na maungamo ya namna hiyo yana thamani yake. Hata hivyo, kisu kilipopelekwa hapana shaka. Chombo kilichokatwa amari mbele ya mwamba, gizani, maji yakivuta, hakihitaji adui mwingine.

Historia ya nanga aghalabu huandikwa kama historia ya chuma: umbo gani lilibuniwa, uzito wake ratili ngapi. Kamba hupewa mstari mmoja mwishoni, kana kwamba ni mtumwa wa nanga. Mpangilio huo ni wa kinyume. Nanga ya chombo kidogo haizuii kwa uzito wake. Huzuia kwa kujikita, na hujikita iwapo tu inavutwa kwa mlalo, sambamba na sakafu ya bahari. Ikivutwa kwenda juu hung'oka, na ndivyo baharia anavyoing'oa anapotaka kuondoka: hukisogeza chombo mpaka omo iwe juu ya nanga, amari isimame wima, kisha huvuta. Kwa hiyo anayechagua nanga bila kuchagua amari hajachagua kitu.

Watu wa Bahari ya Hindi walilijua hilo kabla ya chuma kuwa rahisi. Kilwa Kisiwani, Siraf katika Ghuba ya Uajemi na pwani ya magharibi ya Bara Hindi yameonekana mawe marefu yaliyochongwa, ncha moja nyembamba kuliko nyingine. Juu lina tundu la duara la kupitishia kamba. Chini lina matundu mawili ya pembe nne, moja likielekea huku na jingine likikata upande wa pili, ya kuchomekea mikono ya mti. Jiwe lilileta uzito, mti ukaleta makucha. Kwa kuwa mikono ilitoka pande nne, nanga haikuweza kuanguka vibaya. Atazamaye nanga ya chuma ya makombe manne katika mashua ya leo ataiona sura ile ile. Baura ya Kizungu ina makombe mawili tu, na hutegemea mti wake wa kukingama uilaze ili kombe moja lichimbe.

Na amari? Kwa karne nyingi ilikuwa ya makumbi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kukaa visiwa vya Maldivi zaidi ya miaka kumi baadaye, aliisifu kamba ya usumba wa nazi kuwa bora kuliko ya katani, na akaeleza jinsi ilivyouzwa Yemen, Bara Hindi na Uchina. Katika mwambao wa mashariki ya Unguja, kazi hiyo imekuwa ya wanawake: makumbi hufukiwa katika tope la pwani na kukandamizwa kwa mawe, yakapita miezi maji yakijaa na kupwa juu yake, kisha hufukuliwa, hupondwa na kusokotwa. Kamba inayopatikana ina tabia mbili zinazofaa kutajwa. Hunyumbuka, hivyo chombo kinapotupwa na wimbi haigutuki kwa ghafla na kuing'oa nanga. Tena huelea. Mtu wa bahari ya matope ataiona kasoro, maana kamba inayoelea huinua mvuto. Lakini juu ya matumbawe, ambayo hukata kama msumeno, kamba isiyogusa chini ina maisha marefu zaidi. Hasara yake ni unene na wepesi wa kulika.

Urefu ndio uliowaponza wengi. Kanuni ya mabaharia wa vyombo vidogo ni kwamba kamba iwe takriban mara saba ya kina, ukihesabu kutoka omo hadi chini. Mnyororo mtupu, kwa uzito wake, huridhika na mara nne au tano. Mashua ikitia nanga bandari ya Zanzibar maji yakiwa yamekupwa, kina mita 3 na omo mita 1 juu ya maji, mita 28 za kamba zinatosha. Bamvua likijaa, maji hupanda mita 4 hivi. Mara saba imekuwa mara tatu na nusu, na hakuna mkono uliogusa chochote. Nahodha aliyelala akiwa na amani huamka chombo kinakokota. Kwa sababu hiyo bildi peke yake haitoshi. Sharti ajue pia mwezi umefika siku ya ngapi.

Kuna siku ambazo hata hesabu hii haifui dafu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kisiwa kilicho karibu mno na ikweta hata watu hawakukitarajia. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, na bandarini manowari za Sayyid Barghash, pamoja na majahazi chungu nzima, zilirushwa ufukweni. Nanga zilikuwapo, na kubwa.

Mabadiliko makubwa ya umbo yalikuja mwaka 1933, na aliyeyaleta ni mwanafizikia wa Cambridge, Geoffrey Ingram Taylor, mpenzi wa mashua za tanga. Alichukizwa na uzito wa nanga za zamani, akabuni yenye umbo la jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambayo kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozama mchangani. Nanga nyepesi ikaweza kushika kuliko nzito. Lakini jembe hilo nalo hudai mvuto wa mlalo, pengine kuliko jiwe la Kilwa.

Ndiyo maana mwenye mashua ndogo hufunga pima mbili tatu za mnyororo kati ya nanga na kamba. Mnyororo hukaa chini, huilaza nanga na kuyastahimili matumbawe. Kamba ya nailoni hunyumbuka juu yake. Ile ya plastiki inayojaa madukani huelea kama ya makumbi, lakini hainyumbuki sana, na jua huila. Mkaguzi mwenye busara huanzia omoni, pale kamba inaposuguana na ubao, akaifumbua nyuzi kwa kidole gumba kutazama kama za ndani zimegeuka vumbi.