Kutoka daftari la mmisionari hadi kompyuta: Historia ya kuhesabu lugha za Nyanda za Juu Kusini

Basi linalotoka Iringa kwenda Mbeya husafiri zaidi ya kilometa 300, na abiria mwenye sikio jepesi anaweza kuhesabu lugha njiani bila kushuka. Kuanzia Ipogoro hadi Mafinga wenyeji ni Wahehe. Makambako ni Wabena. Likiteremka Igawa na Chimala limeingia Usangu. Uyole na Mbeya mjini ni kwa Wasafwa, na abiria huyo akipanda Hiace ya Tukuyu, hasikii tena "Kamwene" aliyoizoea Iringa, bali "Ugonile" ya Wanyakyusa. Hapo hajaingia ndani, kwa Wakinga na Wavwanji wa Makete, Wapangwa wa Ludewa, Wamalila wa Mbeya Vijijini, Wanyiha wa Mbozi wala Wandali wa Ileje.

Lugha hizi zina undugu gani? Zipi zilitengana mapema na zipi juzi tu? Lahaja inaishia wapi na lugha inaanzia wapi? Kwa zaidi ya miaka 120 wataalamu wamejaribu kujibu maswali hayo kwa kuhesabu: kwanza kwa kalamu, kisha kwa mashine. Leo kompyuta hupanga mamia ya lugha za Kibantu kwa muda mfupi na kuchora ukoo wao. Hata hivyo, historia ya kazi hiyo katika milima yetu inaonyesha kwamba mashine haijawahi kujua zaidi ya kile ambacho mtu fulani alikiandika daftarini.

Orodha za Wajerumani

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Kwa kuwa walitaka kuhubiri na kufungua shule, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuandika maneno. Mwaka 1899 Schumann, mmisionari wa Berlin, alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha ambayo Wajerumani waliiita Kikonde, yaani Kinyakyusa. Mwaka uliofuata Cassian Spiss, mtawa Mbenediktini, alitoa orodha ya maneno ya Kihehe kwa Kijerumani. Ulikuwa umepita muda wa miaka miwili tu tangu Mtwa Mkwawa wa Wahehe afe. Spiss mwenyewe, akiwa askofu, aliuawa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Mwaka huohuo ilitoka sarufi ya Kikinga iliyoandikwa na Wolff.

Daftari hizo zilisafiri mbali kuliko waandishi wake. Mwaka 1899 Carl Meinhof, aliyekuwa akijaribu kuunda upya sauti za lugha mama ya Wabantu wote, alichagua lugha chache za mfano. Kikonde kilikuwa miongoni mwao, sambamba na Kiswahili, Kiherero cha Namibia na Kiduala cha Kamerun. Lugha ya mabonde ya Rungwe ikawa nguzo mojawapo ya isimu linganishi ya Kibantu kabla Mnyakyusa yeyote hajaulizwa maoni yake kuhusu jambo hilo.

Mwingereza Malcolm Guthrie ndiye aliyeweka mpango ambao wanaisimu wanautumia hadi leo. Mwaka 1948 alizigawa lugha za Kibantu katika kanda na kuzipa herufi na namba. Kisangu kikawa G61, Kihehe G62, Kibena G63, Kipangwa G64, Kikinga G65 na Kivwanji G66. Kinyiha kilipewa M23, Kimalila M24, Kisafwa M25 na Kinyakyusa M31. Kwa mpango huo Wakinga waliopo juu ya Milima ya Livingstone na Wanyakyusa waliopo chini yake walitupwa katika kanda mbili tofauti, ingawa wamekuwa wakikutana sokoni miaka yote. Namba za Guthrie zilifuata jiografia kwa kiasi kikubwa. Zilisaidia kutafuta lugha katika kabati la vitabu, lakini hazikueleza undugu.

Hesabu bila mashine

Njia ya kupima undugu kwa takwimu ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia kwa Mmarekani Morris Swadesh. Unachukua maneno ya msingi 100 au 200, kama vile maji, jicho, mbwa, kufa, mbili. Unayaandika katika kila lugha, kisha unahesabu ni mangapi yana asili moja. Asilimia ikiwa kubwa, lugha hizo ni ndugu wa karibu. Swadesh alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba maneno ya msingi hupotea kwa mwendo unaolingana, hivyo asilimia hiyo inaweza kukuambia hata lugha zilitengana lini. Dai hilo la pili lilipingwa vikali, lakini lile la kwanza lilienea.

Nchini Tanzania njia hiyo ilitumiwa na Derek Nurse na Gérard Philippson. Katika miaka ya 1970, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikusanya orodha ndefu, kila moja ikiwa na maneno 1,000 na zaidi, kwa lugha nyingi za nchi. Matokeo yao juu ya lugha za Kibantu za Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1980 katika kitabu kilichohaririwa na Polomé na Hill. Kihehe, Kibena, Kisangu, Kikinga na majirani zao zilionekana kuwa kundi moja, la Nyanda za Juu Kusini. Kinyakyusa kilisimama kando. Lugha za magharibi, kuanzia Usafwa kuelekea Ufipa, ziliingia katika kundi jingine, ambalo wataalamu hulihusisha na ushoroba wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Miaka hiyo kompyuta zilikuwa adimu nchini, na sheria ilizidisha uhaba huo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na zuio hilo liliondolewa kidogo kidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana orodha za maneno yetu ziliingizwa kwenye mashine nje ya nchi kwanza. Kuanzia mwaka 1994 mradi wa Larry Hyman na John Lowe wa Berkeley, Marekani, ulikusanya kamusi na orodha za Kibantu katika hifadhi moja ya kompyuta, zikiwemo zile za Nurse na Philippson. Huko Tervuren, Ubelgiji, Bastin, Coupez na Mann walilinganisha lugha na lahaja 542 kwa maneno 92 na kuchapisha matokeo mwaka 1999.

Miti ya ukoo

Kuanzia hapo waliingia uwanjani hata watu ambao hawakuwa wanaisimu. Mwaka 2002 Clare Holden alichukua data za Tervuren na kuzipitisha katika programu zilizotungwa kwa ajili ya kuchora ukoo wa wanyama na mimea. Mti wake wa lugha ulilandana na ramani ya kuenea kwa kilimo kusini mwa Sahara. Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walitumia lugha 424 na kuonyesha kwamba Wabantu walifuata nyika zilizofunguka ndani ya msitu wa Kongo, na kwamba kuingia msituni kuliwachelewesha kwa wastani wa miaka 300. Mwaka 2022 Ezequiel Koile na wenzake walichukua data hizohizo, wakabadilisha namna ya kukokotoa, wakapata jibu jingine: Wabantu walipita katikati ya msitu, mapema zaidi. Maneno yalikuwa yaleyale na mashine zote zilikuwa imara. Kilichotofautiana ni dhana ambazo watafiti walianza nazo.

Kwa Nyanda za Juu Kusini mti una tatizo kubwa zaidi: matawi yake hayagusani, ilhali watu wamegusana siku zote. Karne ya 19 Wahehe na Wasangu wa Mtwa Merere walipigana mara kwa mara, na Wasangu wakasukumwa hadi Usafwa, walikojenga Utengule, kabla ya kurejea kwao wakati wa Wajerumani. Majeshi, mateka na wake walioolewa huko walihamisha maneno. Baadaye dhahabu ya Lupa, Chunya, iliita vibarua, chai ya Mufindi na Rungwe ikaita wengine, na ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970 ukakamilisha mchanganyiko. Neno likikopwa mapema na kuzoeleka, programu inayotafuta asili moja huliona kuwa urithi wa babu.

Ndiyo sababu kazi zilizozama mahali pamoja zina thamani isiyopatikana kwenye miti ya mamia ya lugha. Mwaka 1999 Catherine Labroussi alichapisha uchunguzi wa irabu na mabadiliko ya konsonanti kusini magharibi mwa Tanzania, eneo ambamo lugha zenye irabu 7, kama Kinyakyusa, zimepakana na zenye irabu 5. Imani Swilla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichambua maneno ya kukopa katika Kindali, na yeye na Martin Walsh wakafanya mapitio ya utafiti wote wa lugha za ushoroba ule. Michelle Morrison aliandika sarufi ya Kibena mwaka 2011, na Bastian Persohn kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa mwaka 2017.

Herufi zinavyodanganya

Njia nyingine ya kompyuta haiulizi asili ya neno. Inapima umbali wa sauti. Kanuni yake ilitungwa na Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965: hesabu ni herufi ngapi za kubadili, kuongeza au kufuta ili neno moja ligeuke kuwa jingine. Mwaka 1995 Brett Kessler aliitumia kupima lahaja za Kiayalandi, na tangu hapo imeenea kote duniani.

Tuijaribu nyumbani. "Watu" kwa Kinyakyusa ni abandu, kwa Kisafwa abhantu, kwa Kihehe na Kibena avanu. Kutoka abandu hadi avanu ni hatua mbili: b inakuwa v, d inafutwa. Kutoka abandu hadi abhantu pia ni hatua mbili: h inaongezwa, d inakuwa t. Mashine itasema Kinyakyusa kiko umbali uleule na lugha zote mbili. Lakini b ya Kinyakyusa na bh ya Kisafwa, katika neno hili, husimamia sauti zinazofanana sana. Andika sauti badala ya tahajia, umbali kati ya Kinyakyusa na Kisafwa unashuka hadi hatua moja. Matokeo yamebadilishwa na uamuzi wa tahajia, wala hayakutoka kinywani mwa msemaji.

Suala hili limewagusa hasa watu wa Mbeya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la lugha la SIL lilianzisha mjini hapo mradi wa pamoja wa lugha za Mbeya na Iringa, zikiwemo Kibena, Kikinga, Kimalila, Kindali, Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kisangu na Kivwanji. Wasemaji wenyewe walikaa mezani kulinganisha maneno na kuamua tahajia, huku programu za kompyuta zikihifadhi msamiati na matini. Kwa Kinyakyusa irabu mbili za ziada ziliandikwa ɨ na ʉ. Kwenye kitabu ni sawa, lakini simu nyingi hazina herufi hizo. Kijana wa Kyela anayemwandikia mwenzake ujumbe ataandika i na u basi. Mtafiti wa kesho akizikusanya jumbe hizo kwa mashine na kutangaza kwamba Kinyakyusa kimepoteza irabu mbili, atakuwa amepima kibodi ya simu.

Mipaka ya utawala nayo huchanganya hesabu. Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016. Orodha ya miaka ya 1970 iliyoandikwa "Mkoa wa Iringa" bila jina la kijiji inaweza kuwa ya Kilolo au ya Makete. Sensa haiwezi kusaidia, kwani ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009.

Kinachokosekana zaidi ni usemi wa leo. Orodha nyingi zilitoka kwa wazee wa vijijini, kwa sababu watafiti walitaka lugha "safi". Lakini mabadiliko yanafanyika Mwanjelwa, Mafinga na Makambako, midomoni mwa vijana wanaochanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili katika sentensi moja. Hao hawamo katika mti wowote.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuhifadhiwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa viko Iringa, na Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia chenye wataalamu wa kompyuta. Vikishirikiana, kizazi hiki hakitahitaji kusubiri Berkeley au Tervuren. Nawe msomaji, ukimrekodi bibi yako kwa ridhaa yake, taja jina la kijiji, mwaka na umri wake, kisha peleka nakala kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu. Rekodi isiyo na taarifa hizo tatu haitamfaa mtafiti yeyote, hata awe na kompyuta kubwa kiasi gani.